Kufyeka kando ya barabara ya lami, mitaro na pevingi: mashine, jembe au dawa?

Kikundi_Moshi: Habari wakuu. Kikundi chetu kinaanza kazi ya usafi wa barabara hapa Moshi: kilomita 4.2 za lami, pande zote mbili, mita 1.5 kutoka ukingo wa lami, pamoja na mitaro ya mawe. Kuna pia mita 600 za njia ya waenda kwa miguu yenye pevingi, na ndago zimejaa kwenye viungo. Tuna mashine mbili za kufyekea, majembe, mafyekeo na bomba la mgongoni la lita 16. Masika yanakaribia. Wapi tutumie nini? Kuna anayeshauri tuparue kote kwa jembe ili majani yasirudi upesi.

FundiMitaro: Mkuu, hesabu kwanza: mita 4,200 × 1.5 × 2 ni mita za mraba 12,600, bila mitaro. Kabla ya kugawana kazi, mtu mmoja afyeke saa moja kwa mashine na mwingine kwa fyekeo, kisha mpime kwa futi. Makadirio ya kichwani hukosea sana, kwa sababu majani ya Machi na ya Mei si majani yaleyale.

Kuparua kote hapana. Ukoka ndio unaoshika udongo wa bega la barabara. Ukiuondoa, mvua ya kwanza inachimba kijito sambamba na lami, ukingo unabaki unaning'inia, na gurudumu la lori linaumega. Fyeka, acha sentimita 5 hadi 10. Ukikata hadi udongoni, ukoka unaungua na jua na nafasi inachukuliwa na magugu yenye mbegu.

Jembe lina sehemu moja: pale udongo na majani vilipojijenga kuwa tuta juu ya usawa wa lami. Hapo maji hayatoki, yanasimama barabarani, na mashimo huanzia hapohapo. Shusha tuta, upe bega mteremko wa asilimia 5 kuelekea mtaro. Kwa mita 1.5 ni kama sentimita 7.5 za tofauti. Tumia kamba na pima maji, macho yanadanganya.

Mashine: pitieni kwanza kuokota chupa, mawe na nyaya. Waya ukijizungusha kwenye kichwa unaua krachi. Kando ya mtaro wa mawe tumia uzi wa nailoni, si kisu, maana kisu kikigonga jiwe mashine inaruka. Kisu ni cha mashina, mfano milusina michanga. Hiyo nayo ukiikata tu inachipua upya, kwa hiyo michanga ing'oeni udongo ukiwa na unyevu.

Mafuta someni kwenye kitabu cha mashine: uwiano wa 50:1 ni mililita 100 za oili ya 2T kwa lita 5 za petroli, 25:1 ni mililita 200. Changanyeni kwenye dumu, msichanganyie ndani ya tangi. Oili ikipungua pistoni inang'ang'ania, ikizidi plagi inaziba.

Na hili wengi hawaliangalii: mashine nyingi hizi huzunguka kinyume cha saa ukitazama toka juu, kwa hiyo hurusha mawe kushoto. Kwa sababu magari yetu hupita kushoto, mfyekaji akitembea kuelekea yanakokwenda, barabara iko kulia kwake na mawe yanaruka upande wa nje. Ubaya ni kwamba ameyapa magari mgongo, basi lazima awepo mwenye bendera anayeyatazama. Watu wote wakae mita 15 mbali. Mbele ya maduka weka turubai au tumia fyekeo.

BwanaShamba_Kaskazini: Naongezea upande wa dawa. Kwenye mabega msipulizie kabisa, sababu mmeshaambiwa. Kwenye pevingi ndago ni jambo jingine. Jembe au kisu hukata majani tu na kuacha vijinundu chini, na kila kijinundu huchipua. Glyphosate (dawa ya kuua magugu) inashuka hadi kwenye vijinundu kama jani ni bichi, halina vumbi na halijafyekwa karibuni. Wacheni zikue wiki mbili au tatu, pulizieni kabla ya kutoa maua. Mzunguko wa pili ni lazima.

Vipimo: weka maji safi kwenye bomba, pulizia mita za mraba 100 kwa mwendo wako wa kawaida, upime maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 3. Lebo ikisema lita 4 kwa hekta, hiyo ni mililita 40 kwa mita za mraba 100, na bomba la lita 16 linachukua mililita 213 hivi. Maji ya matope yanaiua dawa, msichote mtoni. Kama mvua inakuja ndani ya saa 6, ahirisheni. Vaeni glavu, buti na miwani, weka koni ya kuzuia dawa isipeperuke kwenye nozeli, na msikaribie mtaro wenye maji. Nunueni iliyosajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu) tu, chupa ikiwa na lebo yake.

Gugu karoti (Parthenium) lisifyekwe: linachipua chini na kutoa maua likiwa fupi. Ling'oeni na mizizi kabla ya maua, kwa glavu na barakoa, kwani linawasha ngozi na kifua.

Kijana_wa_Usafi: Chumvi kwenye viungo vya pevingi je? Ni rahisi na haina sumu.

FundiMitaro: Usiweke. Inateremka kwenye mizizi ya miti ya kivuli na inakula nondo za mifuniko ya mitaro. Magugu yakishakufa, yang'oe kwa kisu chembamba, fagia, kisha ujaze viungo mchanga mkavu. Viungo vitupu ndivyo vinavyokusanya udongo na mbegu.

Kikundi_Moshi: Nimewaelewa. Majani yaliyokatwa tupeleke wapi? Wafugaji wanayaulizia.

BwanaShamba_Kaskazini: Wapeni yaliyofyekwa kwenye mabega, si yaliyopuliziwa. Yachambueni gugu karoti kwanza, maana linaharibu ladha ya maziwa, na vipande vya plastiki vitolewe vyote.

FundiMitaro: Na yaondoke siku hiyohiyo. Yakilala ukingoni usiku mmoja wenye mvua, asubuhi yako kwenye mdomo wa kalavati.