Wapinzani wa wazo jipya la utafiti hubadilishwa na nini?

Muulizaji: Ninaandika tasnifu ya uzamivu, na kila ninapowasilisha dhana yangu kwenye semina napingwa vikali. Ningependa kufahamu kilichowafanya wanataaluma wa zamani wayakubali mawazo waliyoyakataa awali: ni hoja, ni ushahidi, au wapinzani walistaafu tu?

Jibu la kwanza: Aghalabu ni ushahidi wa aina ambayo mpinzani mwenyewe anauamini. Mwaka 1982 mwanasayansi Dan Shechtman aliona, kwa hadubini ya elektroni, aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini na manganizi ambayo atomi zake zilijipanga kwa utaratibu usiojirudia, jambo ambalo wataalamu wa fuwele (yabisi ambazo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu) waliamini haliwezekani. Wao walizoea vipimo vya eksirei, na hadubini hawakuikubali iwe mwamuzi. Fuwele kubwa za kutosha kupimwa kwa eksirei zilipopatikana mwaka 1987, wengi walilegea. Linus Pauling, mkemia mshindi wa Nobeli mbili, alishikilia upinzani wake hadi kifo chake mwaka 1994, lakini taaluma haikumsubiri: fasili rasmi ya fuwele ilikuwa imekwisha kubadilishwa.

Jibu la pili: Nakubaliana kwa kiasi, ila tusiwafanye wakosoaji wote kuwa wakaidi. Mwanasayansi Alfred Wegener alipodai mwaka 1912 kwamba mabara husogea, mwanajiofizikia Harold Jeffreys alipinga kwamba nguvu zilizotajwa kuwa ndizo zinazoyasukuma ni dhaifu mno, na katika hilo Jeffreys alikuwa sahihi. Nadharia ilisimama miaka ya 1960, baada ya michirizi ya usumaku (mistari ya miamba ambayo mwelekeo wa usumaku wake hupishana) kwenye sakafu ya bahari kuonyesha kwamba sakafu hiyo inatanuka. Wegener alikuwa amefariki tangu 1930. Ndugu muulizaji, je, wanaokupinga wanasema wazo lako ni la uongo, au wanasema hujaeleza linavyofanya kazi?

Muulizaji: Wengi wanasema hilo la pili.

Jibu la tatu: Basi wamekuonyesha sura inayokosekana katika tasnifu yako. Watu hupenda kusimulia jinsi daktari Barry Marshall alivyokunywa bakteria mwaka 1984 ili kuthibitisha kwamba huathiri tumbo (kisa kitamu, lakini ni mtu mmoja tu). Kilichowashawishi madaktari zaidi ni majaribio ya tiba yaliyoonyesha kwamba wagonjwa walioangamiziwa bakteria hao kwa antibiotiki hawakurudiwa na vidonda vya tumbo kama wengine. Wape wakosoaji wako jaribio wanaloweza kulirudia wenyewe, kwa vifaa vyao, bila kukutegemea wewe.