Nipo Laos: nirudi Thailand kwa boti ya siku mbili au kwa basi la usiku?

Begi Mgongoni (mleta uzi)
Habari za usiku wakuu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nipo Luang Prabang, kaskazini mwa Laos, na natakiwa kurudi Chiang Rai ninakofundisha Kiingereza. Njia ninazoziona ni mbili. Kuna boti ya polepole inayopandisha mto Mekong hadi Huay Xai mpakani, siku mbili, mnalala njiani kijiji kinaitwa Pakbeng. Halafu kuna basi la usiku linalopita milimani kwenda huko huko. Boti nilikuja nayo mwezi uliopita, raha yake naijua. Basi naogopa kona. Kwa aliyewahi kufika, boti ikipandisha inachelewa sana kuliko ikishuka? Na je, kwenye boti huwa wanakagua sana? Naomba majibu ya haraka, boti inaondoka asubuhi.

Ndoano
Ngoja waje wenye uzoefu. Mimi nipo pale nimekaa na karanga zangu.

Kibuyu Kitupu
Laos ndiyo wapi mkuu? Au Lagos, simu imekurekebishia?

Mtoto wa Ujiji
Umenikumbusha mbali. Ukitaka kujua boti ya polepole ni nini, ungepanda Liemba enzi zile. Meli imeundwa Ujerumani 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, Wajerumani wenyewe wakaizamisha vitani, Waingereza wakaiibua. Mwaka 2009 niliipanda kwenda Kasanga na mama mmoja ana magunia 40 ya dagaa. Kila kijiji mitumbwi inaifuata meli katikati ya ziwa, watu wanarushiana watoto na mabeseni. Huyo mama ndiye aliyenifundisha maisha. Nitasimulia nikitulia.

MzeeWaReli
Mleta uzi, mbona njia ya tatu umeiruka? Reli ya Laos na China ilifunguliwa Desemba 2021, inatoka Boten mpakani na China hadi mji mkuu Vientiane, na kituo cha Luang Prabang kipo. Mpaka Vientiane ni kama saa mbili tu, unakaa kwenye kiti safi, unapita mahandaki tupu. Ukishuka unatafuta basi la Daraja la Urafiki, lile la 1994, unaangukia Nong Khai upande wa Thailand. Unazunguka kidogo lakini hakuna kulala Pakbeng na kunguni.

Begi Mgongoni
Asante mzee. Treni sitaki, mimi ni mtu wa mandhari.

MzeeWaReli
Mandhari kwenye basi la usiku?

Ndoano
😂😂😂 Karanga zinaanza kunoga.

MzeeWaReli
Mimi nimepanda hiyo treni mwaka juzi, nilikuwa Kunming, China, kikazi. Tiketi hawakuuzii bila pasipoti, na mlangoni wanaiangalia tena. Wewe umeuliza "wanakagua sana?" kabla hata hujauliza nauli. Kijana, sema ukweli tukusaidie.

Shangazi wa Muscat
Mwanangu, pasipoti yako iko wapi?

Begi Mgongoni
Shikamoo shangazi.

Ipo Vang Vieng, mji wa huku huku Laos. Haijapotea, ipo kwa mtu. Nilikodi skuta pale tarehe 11, na dhamana yao ni pasipoti, kila mtu anaacha, siyo mimi peke yangu. Nikaenda kwenye yale mabwawa ya bluu, wakati wa kurudi nyati akavuka barabara bila kuuliza mtu. Nikaenda chini. Mimi goti na kiwiko, skuta imevunjika saitimira, indiketa moja, mkono wa breki, na madigadi ya mbele imechubuka.

Mwenye duka aliniosha goti mwenyewe, kwa chupa ya maji na pamba, mpole kabisa. Akawa anarudia "bo pen nyang, bo pen nyang", kwao ni kama kusema haidhuru. Alipomaliza kunifunga bandeji akatoa kikokotozi, akabonyeza, akanigeuzia: 12,000,000. Kip siyo dola, lakini bado ni kama dola 550. Nikamwambia sina. Akabonyeza kitufe cha kufuta, akaandika 12,000,000 tena, akanigeuzia huku anatabasamu.

Nikapanda basi dogo nikaja zangu Luang Prabang kufikiria.

Kibuyu Kitupu
Umetoroka umeacha pasipoti. Yaani umeacha kichwa umeondoka na kofia.

Mangi wa Spea
Nauza spea za pikipiki Kariakoo mwaka wa 14. Hivyo vitu vinne ulivyotaja, hata vikiwa halisi, hapa havikufikishi laki mbili pamoja na fundi. Jamaa anakuuzia nusu ya skuta. Rudi, chukua picha ya kila kilichovunjika, nenda gereji nyingine kabisa upewe bei ya kila kimoja kwa maandishi, ndiyo uanze kuongea. Mteja akija kwangu anasema "imeharibika" namtajia bei yoyote. Akija anasema "nataka lever ya breki ya kulia" najua huyu ameshauliza kwingine.

Ila na wewe ulipokodi ulipiga picha? Michubuko ya zamani ilikuwepo?

Begi Mgongoni
Sikupiga.

Mangi wa Spea
Leseni ya pikipiki unayo?

Begi Mgongoni
Ninayo ya gari.

Mangi wa Spea
Haya.

Shangazi wa Muscat
Na ulikuwa umekunywa? Usinifiche. Huko Vang Vieng ndiko walikokufa watalii sita Novemba 2024 kwa pombe iliyotiwa methanoli. Wengi wao vijana wadogo. Nilisoma nikalia utadhani ni wangu.

Begi Mgongoni
Shangazi sinywi. Wakuu, turudi kwenye swali. Mpango wangu upo hivi, na naomba msinihukumu. Viza nilipewa ubalozini kwao Bangkok, siku 30, inaisha tarehe 17. Leo ni 13. Kesho kutwa ndiyo mwaka mpya wao unachanganya, Pi Mai, ofisi zimefungwa, watu wanamwagiana maji tu barabarani. Kwa hiyo nafika Huay Xai kwa boti. Pale Mekong ni mwembamba, usiku unaona taa za Chiang Khong ng'ambo. Kabla ya daraja kufunguliwa mwishoni mwa 2013 kila msafiri alikuwa anavuka kwa mtumbwi, dakika chache. Mitumbwi bado ipo. Kibali cha kurudi Thailand nilishalipia baht 1,000 kabla ya kutoka, kazi ninayo, chumba ninacho. Nikifika natoa taarifa pasipoti imepotea, naomba nyingine. Simdhulumu mtu, skuta yake si anabaki nayo?

MzeeWaReli
Kibali chenyewe kimegongwa wapi?

Begi Mgongoni
Kwenye pasipoti. Lakini picha ninayo kwenye simu.

MzeeWaReli
Basi mwoneshe picha askari wa doria wa Thailand saa nane usiku ukiwa umelowa.

Wale wa zamani walivuka kwa mtumbwi, ndiyo, lakini kila upande palikuwa na ofisi ya uhamiaji na walikuwa wanagongewa muhuri. Wewe utakuwa mtu aliyeingia kwa magendo. Thailand ukiingia kihalali ukazidisha siku ni baht 500 kwa siku, unalipa unaondoka. Kuingia kwa mlango wa nyuma ni kosa jingine, wanakufunga, wanakurudisha kwenu, na kazi kwaheri. Na ubalozi? Vientiane hatuna. Nenda ukaulize Kuala Lumpur uone utafikaje huko bila pasipoti.

Begi Mgongoni
Mzee unaongea kama nimeua. Watu wanavuka kila siku kuuza mboga.

Shangazi wa Muscat
Wauza mboga ni wa pale, baba. Mama zao wanajuana.

Nikwambie kitu. Nilipofika huku mwanzo nilifanya kazi nyumba moja, bibi mwenye nyumba akachukua pasipoti yangu akaifungia kabatini chini ya mashuka. Miaka miwili. Nilikuwa nalijua lile kabati kuliko chumba changu. Siku akitoa mashuka natizama kwa pembe ya jicho, kitabu kipo, naendelea kupiga pasi. Sheria inawakataza, lakini nani aende kusema? Siku niliporudishiwa nililala nayo kifuani wiki nzima. Wewe umeitoa kwa mkono wako ukapanda nyati.

Kibuyu Kitupu
Shangazi, nyati alivuka, hakupandwa 😂

Shangazi wa Muscat
Yote sawa. Ungekuwa karibu ningekusaidia hata kidogo ukamlipe yule mtu yaishe.

Ndoano
Hapo sasa. Karanga nimeweka chini.

Wadau, someni uzi huu kuanzia juu. Mwaka jana kuna jamaa alileta uzi wa hivi hivi, pasipoti imeshikwa Vietnam, pikipiki, goti, kila kitu. Ukurasa wa tatu ikaja namba ya kutumia pesa. Huyu naye anatupa taarifa kijiko kijiko: kwanza boti, mara pasipoti, mara leseni hana, mara viza inaisha. Mtu mwenye shida ya kweli anaandika yote mara moja analia. Na hotelini analalaje bila pasipoti? Chai hii. Subirini namba.

Kibuyu Kitupu
Mimi nilishtuka mapema. Nimegugo hiyo Laos, HAINA BAHARI. Boti inatoka wapi?

MzeeWaReli
Kibuyu, Mekong ni mto.

Kibuyu Kitupu
Nimeona pia wana sehemu inaitwa visiwa elfu nne. Nchi haina bahari ina visiwa elfu nne. Haya tuendelee kunywa chai.

Begi Mgongoni
Ndoano, sijaomba senti ya mtu na sitaomba. Hotelini nilionesha picha ya pasipoti, mama wa mapokezi akaandika namba, bo pen nyang.

Hivyo visiwa vinaitwa Si Phan Don, viko kusini kabisa karibu na Kambodia, ni visiwa vya mtoni na vingi vinamezwa maji yakijaa. Nilikwenda hadi Don Det. Kutoka Vientiane kwenda Pakse basi la usiku halina viti, lina vitanda, na kitanda ni cha watu wawili. Ukisafiri peke yako unapangiwa mtu. Mimi nilipangiwa mzee mmoja mkulima, ana kikapu cha wali wa kunata, blanketi moja. Tumeamka asubuhi mguu wake uko juu ya wangu, akanimegea tonge la wali kwa mkono bila kusema neno.

MzeeWaReli
Swali moja nikupime. Viti vya hiyo boti ya Huay Xai vikoje?

Begi Mgongoni
Vya magari. Vimeng'olewa kwenye Hiace kuukuu, vimepangwa tu juu ya mbao, havijafungwa. Ukiegemea kwa nguvu unamwendea wa nyuma. Viatu unavua unapewa mfuko wa plastiki. Ukichelewa unakaa nyuma kwenye injini, mnaongea kwa ishara mpaka Pakbeng. Katikati ya pori inasimama kwenye mchanga, hakuna nyumba wala gati, anashuka bibi na kuku wawili na bati za kuezekea, anapandisha mlima anapotelea.

Mtoto wa Ujiji
Huyo bibi nimemwona Liemba. Walahi ni yule yule.

MzeeWaReli
Amefika huyu. Mengine sijui, ila boti amepanda.

Ndoano
Au amesoma mahali. Naweka akiba ya maneno.

Mangi wa Spea
Tuacheni hayo. Begi, mfukoni una ngapi? Usinitajie ya benki.

Begi Mgongoni
Kip milioni tatu na nusu, na dola mia.

Mangi wa Spea
Inatosha kuanza. Anza na milioni mbili, usizidishe nne. Mlipe noti mkononi mwake aziguse, ukisema "nitatuma" umepotea. Na mpe yeye kikokotozi mwanzo, acha achoke kubonyeza. Akikataa kabisa, mwambie kwa upole mwende wote polisi wa utalii. Hiyo sentensi sema mara moja tu, usiirudie.

Begi Mgongoni
Na boti nimeshalipia.

Shangazi wa Muscat
Ulishalipia saa zote hizo unatuuliza boti au basi?

Begi Mgongoni
Nilitaka mniambie boti.

*(baada ya saa 19)*

Begi Mgongoni
Nipo Vang Vieng. Boti imeondoka bila mimi. Nimekuja na basi dogo, dirisha lilikuwa wazi, kila kijiji tumemwagiwa ndoo, nimefika naloa hadi kwenye soksi na bandeji imebanduka. Duka limefungwa. Limebandikwa karatasi ya Kilao, mama wa duka la jirani kanioneshea kwa vidole: moja, saba. Tarehe 17 asubuhi, siku yenyewe ya viza. Skuta yangu ipo ndani, naiona kwenye upenyo wa mlango. Saitimira mpya imeshawekwa.

Mangi wa Spea
Piga picha kwenye huo upenyo SASA HIVI. Kama ameshatengeneza kabla hujalipa, gharama yake anaijua, siyo milioni 12.

MzeeWaReli
Na uhamiaji ukizidisha siku moja si mwisho wa dunia, utalipa faini mpakani. Ila lipa ukiwa na kitabu mkononi. Usiondoke hapo.

Begi Mgongoni
Siondoki. Nimekaa ng'ambo ya barabara. Watoto wamenigundua wanajaza ndoo.

Ndoano
Picha ya upenyo iko wapi?

Begi Mgongoni
Simu nimeifunga kwenye plastiki, hii naandikia juu juu. Ngoja wapungue.

Mtoto wa Ujiji
Wakati tunasubiri, niwamalizie ya yule mama wa dagaa. Tulipofika Kipili saa tisa usiku, taa zote za meli zikazima…