Tu Youyou ni shahidi wa nani: mganga au maabara?

Wadau, jana mwenzetu mmoja kaandika kwamba dawa za miti shamba ziuzwe bila kupimwa, maana "hata yule mama wa Kichina aliyepata Nobel alitumia majani tu, na PhD hana". Imenikera, ila nusu yake ni kweli.

Tu Youyou, ndiye mama huyo, PhD kweli hana, wala hakusoma ng'ambo. Mwaka 1969 alikabidhiwa timu Beijing itafute dawa ya malaria. Wakapekua vitabu vya kale, wakajaribu mmea wa jamii ya pakanga: leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Ufunguo ulikuwa kwenye maandishi ya Ge Hong, tabibu wa China ya kale, ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita: loweka, kamua, kunywa. Hakusema chemsha! Kumbe moto ndio ulioua dawa. Akatoa dawa kwenye mmea kwa etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu. Sampuli namba 191, Oktoba 1971, ikamaliza vimelea vyote kwenye panya. Kabla ya wagonjwa, akainywa mwenyewe.

Kutoka hapo ndiyo tukapata dawa ya mseto, vile vidonge vinne vinne asubuhi na jioni, 24 kwa siku 3.

Sasa bibi yangu Mbagala huchemsha muarobaini mpaka sufuria inakuwa nyeusi. Simdharau, nimeunywa sana. Lakini nani kapima kama moto umebakiza kitu? Kwangu mimi: isiyopimwa isiuzwe.

Mdau wa Temeke: Mkuu, kupima nani analipa? Yule mama alikuwa na serikali nyuma yake, tena wakati wa vita ya Vietnam. Mzee wa mizizi pale sokoni hata kodi ya meza anakopa. Unamfungia biashara halafu dozi ya hospitali unamlipia wewe?

Mwanzisha mada: Hapo umenibana. Muhimbili wanatafiti dawa za asili tangu 1974, kwa hiyo pa kupeleka papo. Juzi Kariakoo nikamwuliza muuzaji mmoja kwa nini hapeleki yake. Akafunga kizibo taratibu, akasema, "Mwanangu, nikishawaonyesha mti, mimi nabaki na nini?" Sikuwa na jibu. Nikanunua chupa ya buku. Ipo kwenye friji, sijainywa.

Mdau wa Temeke: Basi usimwambie asiuze, mkuu. Mwambie nani atamwandikia jina lake.