Mrejesho: yule mbwa wa Himbi amepata nyumba

Aksanti sana kwa wote mlionijibu. Niliuliza namna ya kumtafutia makao mbwa jike aliyeachwa na wapangaji waliohama hapa mtaa wa Himbi, Goma, maana kila aliyekuja kumuona alimkuta amejificha nyuma ya mabidoni ya maji.

Mama mmoja alinishauri nimtoe, watu wamuone akitembea. Kwanza sindano ya kichaa cha mbwa, tukangoja siku 21 kinga ijengeke. Kisha barabara tulivu karibu na ziwa, asubuhi, kabla chukudu (vile vyombo vya mbao vya magurudumu mawili vya kubebea mizigo) na pikipiki hazijajaa. Nilimfunga kitambaa cha kitenge shingoni, na kilisaidia sana: watu wakikiona wanajua mbwa ana mwenyewe, hawamrushii mawe. Watoto niliwaomba wasimguse kichwa, wangoje awanuse mikono.

Papa mmoja, mlinzi wa duka, ndiye aliyemchukua. Hakumwita, alikaa tu kwenye ngazi akila mkate hadi mbwa akamsogelea mwenyewe. Nilienda kwanza kuona kwake: kuna ukuta, kivuli na maji. Mbwa wa kufungwa mnyororo mchana kutwa nisingekubali kamwe.

Kimebaki kumfunga uzazi. Anayemjua daktari wa mifugo mwenye bei nafuu, tafadhali aniambie.