Nyumba za zamani katikati ya mji Mwanza: zivunjwe au zibaki?

Mwanakirumba: Wakuu, nyumba nyingine imezungushiwa mabati pale mjini. Zile za Wahindi, duka chini, familia juu, mwaka wa kujengwa umefinyangwa kwa saruji kule kileleni. Tunabomoa zote mpaka mji ubaki vioo vitupu? Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000.

Dagaa Mchele: Zanzibar wana watalii. Sisi tuna popo darini. Nimeishi chumba cha juu, mvua ikinyesha unasogeza kitanda, unatega beseni. Vunja, pandisha ghorofa kumi, watu wapate fremu za biashara. Anayetaka kumbukumbu apige picha.

Mama Mitumba: Mdogo wangu, hizo fremu atapata nani? Mimi natandika barazani kwenye nyumba kama hiyo, roshani ndiyo kivuli changu. Mlango wa mbao wa kukunja, jioni wanalaza chuma kwa ndani, mwizi anaugusa anaondoka zake. Hayo maghorofa yenu mlinzi ananifukuza hata sijashusha belo. Wengi mnaoshangilia mabati mnanusa kilemba tu, ile pesa ya kuachiwa fremu.

Dagaa Mchele: Kilemba nani? Mtaje.

Mama Mitumba: Sijataja mtu. Umejishtukia mwenyewe.

Mzee wa Reli: Vijana punguzeni jazba. Kabla ya reli, mzigo ulivuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu, ndipo ushike treni ya Mombasa. Reli ya kutoka Tabora ilipofika hapa 1928, pamba ikapata njia ya Dar. Pesa ya pamba ndiyo iliyonyanyua mitaa ile. Halafu likaja Azimio, 1967, serikali ikazichukua nyumba.

Msomi wa Nyakato: Shikamoo mzee. 1967 ni mabenki. Majumba yalitaifishwa 1971, yale ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba. La msingi ni hili: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mwanza Wajerumani wameweka kituo 1892. Kwa hiyo bila tangazo la serikali, nyumba hizi hazina kinga.

Mzee wa Reli: Marahaba. Wewe umesoma, mimi nilikuwepo. Jirani yetu alishuka na masanduku mawili, nikamsaidia kubeba.

Dagaa Mchele: Sheria baadaye. Mama Mitumba ajibu: yeye hapo barazani anamlipa nani?

Mama Mitumba: Namlipa mwenye duka, ambaye naye kapangishwa na mtu aliyepangishwa. Risiti sijawahi kuiona. Umeridhika?

Machinga Msafi: Dada, kumbe unalipa! Sisi machinga wa mtaa wa Makoroboi tuliohamishwa tuliambiwa tunaziba njia, wengine mnalipia njia hiyo hiyo.

Mama Mitumba: Baraza si njia, kaka. Usinichokoze.

Mwanakirumba: Jamani, nyumba. Tuongelee nyumba.

Dagaa Mchele: Tunaongelea nyumba. Mpangaji wa tatu anamlipa wa pili, nani atapaka hata rangi?

Machinga Msafi: Hivi kilemba cha fremu pale kati sasa kimefika ngapi?

Dagaa Mchele: Inategemea upande wa mtaa. Njoo faragha.

Mama Mitumba: Si nilisema!