Tupeane uzoefu: kemia ya mwaka wa kwanza chuoni, alama zako zilitoka wapi?

Mwalimu wa Lanet

Wadau, hamjambo. Nafundisha kemia sekondari hapa Nakuru, na kila likizo wanafunzi wangu wa zamani hunipitia nyumbani wakitoka vyuoni: Njoro, Maseno, Kakamega, Eldoret. Ni vijana waliofanya vizuri KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Karibu wote huja na swali moja: "Mwalimu, mbona nasoma kama zamani na matokeo ni C?" Nikiwauliza hiyo C imejengwa na nini, wananiambia tu kwamba mtihani ulikuwa mgumu.

Mimi naona tatizo linaanzia hapo. Kidato cha nne mtoto anajua wazi kwamba karatasi ya kwanza ina alama 80, ya pili 80, na ya tatu, ile ya maabara, 40. Ametayarishwa miaka minne kwa ajili ya siku chache za Novemba. Chuoni hesabu huanza mapema. Katika vyuo vyetu vingi vya umma kazi za muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70. A huanzia 70, B 60, C 50, D 40, na chini ya 40 umefeli. Sasa tazama: aliyeingia mtihanini na 24 kati ya zile 30 anatafuta 46 ili afike A. Mwenzake mwenye 12 anatafuta 58 kati ya 70, na kwa kemia hiyo ni kazi kubwa mno. Wameketi ukumbi mmoja, karatasi ni moja, lakini waliachana zamani.

Naomba mliopitia kemia ya mwaka wa kwanza mtueleze. Ripoti za maabara zilisahihishwa vipi? CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, mlirudishiwa? Sapu, mtihani wa marudio kwa aliyefeli, je? Chuo si lazima ukitaje.

Binti wa Luanda

Asante kwa kuanzisha hii, Mwalimu. Mimi nilisomea ualimu, kemia na baiolojia. Mwaka wa kwanza tulichanganywa na wa kilimo na wa afya ya umma, ukumbi ukajaa hadi wengine wakaandika wakiwa wamesimama mlangoni. Kwa hiyo mhadhiri hakuweza kumjua mtu. Mahali pekee palipokuwa na mtu wa kuangalia kazi yako kwa karibu ni maabara.

Titresheni, lile zoezi la kupima nguvu ya kimiminika kwa kukidondoshea kingine, ndiyo iliyotutenganisha. Yule msimamizi wetu alikuwa na utaratibu ambao hakuuficha hata siku moja. Kwanza anatazama jedwali lako kabla ya hesabu yoyote: je, limejaa? Usomaji wa bureti, ule mrija wenye vipimo, una desimali mbili, na ya mwisho ni 0 au 5? Ukiandika 24.5 mahali pa 24.50, alama imeondoka. Halafu anatazama kama zile ulizochukua kutafuta wastani zinakubaliana. Mtu akipata 24.50, 24.60 na 25.30, kisha akajumlisha zote tatu na kugawa, anapoteza alama hata kama kugawa kwenyewe ni sahihi, kwa sababu ile ya tatu haikustahili kuwemo. Ilifaa arudie. Mwisho ndipo anaulinganisha wastani wako na alioupata yeye mwenyewe asubuhi kwa vifaa hivyo hivyo.

Kulikuwa na jambo lingine. Meza hazikupewa asidi ya nguvu sawa. Chupa ziliandikwa A, B na C, na aliyekopi namba za jirani wa meza nyingine alijikuta na jibu la chupa ambayo hakuigusa. Walioitwa ofisini kwa hilo walipewa sifuri ya zoezi zima.

Nasema haya kwa heshima ya yule msimamizi. Alikuwa mkali, lakini kila mtu alijua anapimwa kwa kitu gani. Kwenye CAT hatukuwahi kuona karatasi zetu. Namba zilibandikwa kwenye ubao wa idara, basi.

Omera wa Nyalenda

Hilo la karatasi kutorudishwa, dada, ndilo lililonitoa machozi. Sisi tuliambiwa alama ya CAT wiki moja kabla ya mtihani. Unaona 9 kati ya 20, hujui ulianguka kwenye mada ya moli (kipimo cha kiasi cha kemikali), kwenye maumbo ya molekuli ama kwenye msawazo. Unarudi kusoma kila kitu upya, na muda hakuna.

Mtaalamu wa Maabara, Njoro Road

Nimekuwa upande wa pili wa meza kwa muda mrefu, wacha niongeze.

Karatasi ya mwisho kwa kawaida ina swali la kwanza la lazima lenye alama 30, kisha unachagua mawili mengine ya alama 20 kila moja. Jumla 70. Swali la kwanza hugusa silabasi nzima kwa vipande vidogo vidogo, na ndipo wanafunzi wengi wanapookoka au kuzama. Nimewaona vijana wanaoanza na swali wanalolipenda, wanajaza kurasa nne kwa alama 20, kisha swali la 30 wanalifikia msimamizi akitangaza dakika kumi zimebaki.

La pili, mwongozo wa kusahihisha hutoa alama kwa hatua. Ukikosea uzito wa moli hapo mwanzo, kisha ukautumia huo uliokosea kwa njia sahihi hadi mwisho, msahihishaji mwaminifu anakukata mara moja tu na kukupa hatua zilizobaki. Lakini hawezi kukupa hatua ambayo hukuiandika. Jibu bila hatua, lenye kosa dogo, ni sifuri, hata kama kichwani ulifanya kila kitu sawa. Kila muhula nawaambia makomredi, yaani wanafunzi wa chuo: andika mlinganyo, usawazishe, andika uwiano wa moli, weka vipimo. Hizo ni alama ambazo mtu wa wastani anaweza kuzipata zote.

Sapu: katika vyuo vingi, hata ukiipata 75, kwenye transkripti inaingia 40. Mzazi aelezwe hili mapema, maana wapo wanaodhani sapu ni nafasi ya kupandisha alama.

Mkulima Mumias

Mimi yangu ni ya alama kupotea, na naiandika ili mdogo wa mtu asaidike.

Nikiwa mwaka wa nne, orodha ya wanaohitimu ikiandaliwa, nilikuta kwenye kemia ya mwaka wa kwanza pana kistari. Si E ya kufeli, si chochote. Kistari. Mhadhiri alikuwa wa muda na alishaondoka. Idarani nikaambiwa nitafute ushahidi kwamba nilifanya, na kama haupo nirudie somo na watoto wa mwaka wa kwanza, jambo ambalo lingenisukuma nje ya mahafali ya mwaka ule.

Mama yangu hatupi karatasi yenye jina la mtoto wake. Alikuwa ameweka katoni chini ya kitanda: kijitabu changu cha maabara chenye sahihi ya msimamizi kila zoezi, CAT zote mbili, hata kadi ya mtihani iliyopigwa muhuri siku ile ile. Nilibeba katoni nzima kwenye matatu hadi Kakamega. Kadi ile ndiyo iliyowafanya waende stoo kutafuta fungu la karatasi za mtihani wetu, na kijitabu changu cha majibu kikapatikana humo. Alama zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Hazikuwahi kuingizwa tu.

Wenzangu wawili hawakuwa na kitu mkononi. Mmoja alirudia. Hakukosea popote, na ninaumia nikikumbuka, kwa sababu kutunza alama ni kazi ya chuo, haikufaa kuwa ya mama yangu.

Kapsabet–Marekani

Hapa nilipo, siku ya kwanza ya kemia tulipewa kurasa za maelezo ya somo: mtihani wa mwisho asilimia ngapi, majaribio ya kila wiki ngapi, maabara ngapi, na ile alama ya chini kabisa ya majaribio inafutwa. A kwetu ilianzia 90, kwa hiyo msilinganishe herufi za huku na za huko bila kuuliza. Kila karatasi tulirudishiwa ikiwa na maelezo. Hilo halihitaji pesa nyingi, linahitaji mtu kuamua.

Komredi wa Kwanza

Shikamooni. Mimi ndiyo nimeingia Septemba. Nilikosa CAT ya kwanza kwa malaria, nililazwa. Nimwambie mhadhiri ana kwa ana au niache hadi mwisho wa muhula?

Mtaalamu wa Maabara, Njoro Road

Marahaba. Usingoje hata wiki. Chukua barua ya hospitali yenye muhuri na tarehe ya kulazwa na kutoka, toa nakala tatu: ya mhadhiri, ya idara, na yako. Uombe kwa maandishi ufanyiwe CAT maalumu. Idara ikipokea, wakupigie muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ukimwambia kwenye korido, atasahau, na hatakuwa na nia mbaya.

Mwalimu wa Lanet

Mumias, pole sana, na umpe mama salamu zangu. Kuanzia muhula huu kidato cha nne wangu watasahihishiana majedwali ya titresheni kwa mwongozo mkononi, kila mmoja aseme alama imekatwa wapi na kwa nini. Binti wa Luanda, kama bado unakumbuka mpangilio wa ripoti zenu, sehemu zake na alama za kila sehemu, tafadhali uandike hapa. Nataka niwapitishe humo kabla hawajafika chuoni.

Binti wa Luanda

Nitauandika kesho jioni nikitoka kazini, Mwalimu. Kijitabu bado ninacho.