Tupeane uzoefu: ni nani aliyekupenda kwanza, kabla hujastahili? (Wana Kusini karibuni)

Mwanzisha mada, Masasi

Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, na wenye salamu nyingine nawasalimu pia.

Alhamisi Kuu ya mwaka huu Padri wetu aliosha miguu ya watu kumi na wawili kama ilivyo ada, halafu akahubiri jambo ambalo mpaka leo limenikaa kooni. Alisema tuisome Yohana 13 polepole. Yesu anaanza kuosha miguu mstari wa 5. Yuda anatoka nje usiku mstari wa 30. Kwa hiyo miguu ya Yuda nayo ilioshwa na kufutwa kwa kitambaa. Ndipo mstari wa 34 inakuja ile amri tunayoiimba kila siku: "Kama vile nilivyowapenda ninyi, nanyi mpendane vivyo hivyo." Padri akauliza, hilo "kama vile" mnalielewa? Ndani yake kuna miguu ya Yuda.

Nilitoka kanisani nikimwaza mdogo wangu.

Msimu wa 2016 nilimwachia magunia manne ya korosho ayapeleke ghalani kwa chama cha ushirika, mimi nikiwa nauguza mtoto. Hakufika ghalani. Aliuza kwa kangomba, wale walanguzi wa korosho, usiku uleule, kesho yake akapanda basi la Dar. Zile zilikuwa pesa za ada, za bati, za kila kitu. Miaka mitatu hakupiga simu. Siku moja mama akasikia kwa watu kwamba anabeba mizigo Kariakoo na kifua kinamsumbua. Mama aliuza debe lake la mbaazi na kuku wawili, akatuma nauli. Hakuniuliza mimi. Nilipokasirika nikamwambia, mama, si angeomba radhi kwanza? Akanijibu huku anapepeta unga: "Nikisubiri aombe radhi, nitakufa hajaomba."

Basi akarudi. Yupo kijijini, analima. Mpaka leo tunasalimiana, lakini sijawahi kukaa naye mkeka mmoja tukala.

Ninachoomba wadau si hadithi za sadaka, zile tunazijua. Nataka za mtu aliyetangulia. Paulo anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi", na Yohana anasema twapenda kwa maana yeye alitupenda kwanza. Hilo "kwanza" ndilo linalonishinda. Aliyewahi kupendwa hivyo, au kupenda hivyo, atusimulie ilivyokuwa kweli, na gharama yake.

---

Mama Ndoo Mbili, Newala

Ndugu yangu asante kwa mada. Mimi ni mjane. Mume wangu alipofariki, jirani yangu mmoja alisambaza maneno kwamba mimi ndiye niliyemmaliza. Mnajua maneno ya namna hiyo yanavyotembea huku kwetu. Nilipita njiani watoto wanaitwa ndani. Mwaka mzima nilikwenda kisimani peke yangu, nikifika wenzangu wananyamaza.

Halafu yule mama akaanguka kwenye mwembe, akavunjika mguu. Watoto wake wako mbali, na mumewe ni mzee. Wasiojua Newala wajue kwamba huku juu ya uwanda maji ni shida. Bomba likikauka unashuka bondeni, na kupanda na ndoo kichwani ni kazi ya nusu siku. Asiye na wa kumtekea anaoga kwa huruma ya watu.

Siku ya tatu nilimpelekea ndoo moja. Sitadanganya hapa, sikuwa nampenda. Nilikuwa nimekasirika kila hatua ya ule mlima. Nilikuwa nasema, Mungu unaniona, wewe ndiye unayetaka hivi, mimi sitaki. Naweka ndoo mlangoni, naondoka bila kuingia. Baadaye zikawa ndoo mbili kwa siku, karibu miezi miwili.

Nilikuwa nadhani upendo unaanza moyoni ndipo unashuka mikononi. Kwangu ulianzia shingoni. Wiki ya tano hivi nikajikuta namuuliza kama mguu umelala vizuri usiku, na nilikuwa nataka kujua kweli. Hakuniomba msamaha kwa maneno. Ila siku alipoanza kutembea kwa fimbo, safari yake ya kwanza ilikuwa kuja kwangu, akakaa barazani mchana kutwa, mahali ambapo kila mtu anapita na anaona. Aliyaosha yale maneno kwa kukaa pale.

---

Mdau wa Tandahimba

Mama Ndoo Mbili, "ulianzia shingoni". Nimesoma mara tatu. Mungu akutunze.

---

Mzee wa Mizani, Nachingwea

Mimi nilikuwa kangomba. Naandika kwa sababu mwanzisha mada amelitaja neno hilo, na mimi najua upande wa pili wa ile bakuli ya kupimia korosho.

Kwa wasiojua: mwezi wa sita au wa saba mkulima hana kitu. Anahitaji hela ya dawa, ya chakula, ya mgonjwa. Unampa pesa kidogo leo, yeye anakuahidi korosho za msimu kwa bei ya kutupa. Serikali inakataza, lakini njaa ya Julai hukubali masharti yoyote.

Mwaka 2018 nilimpa mzee mmoja shilingi 300,000 mkewe akiwa anaumwa, kwa makubaliano ya kilo 300. Msimu ulipofika minada ikakwama, Rais akatangaza Serikali itanunua kwa 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Nikapiga hesabu: kilo zangu 300 zingekuwa 990,000. Ila zilitakiwa zipite kwa jina la mzee, yeye ndiye mwenye shamba. Kwa hiyo nikawa namfuata kila siku asije akanigeuka.

Jumapili moja somo likawa Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi halafu akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Mimi ni mtu wa mizani, nikapiga hesabu kanisani. Dinari ni kibarua cha siku moja. Talanta moja ni kama dinari 6,000. Talanta elfu kumi ni vibarua vya siku milioni 60. Yule mwenzake alikuwa anadaiwa siku mia, yaani deni la kweli, linaloumiza, si dogo kama tunavyopenda kuhubiri. Lakini ukiliweka kando ya milioni 60 huna pa kusimama.

Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, nimeamua, nitachukua 300,000 yangu tu, faida nimemwachia mzee. Nilitegemea anisifu. Akaniuliza: "Mungu alikusamehe faida tu, mtaji akaendelea kukudai?"

Sikulala. Asubuhi nikaenda kwa mzee, nikachana kile kikaratasi mbele yake. Malipo yake yenyewe yalichelewa sana, kama ya wengi mwaka ule, na mkewe alifariki kabla hayajaja. Angekuwa bado anadaiwa na mimi msibani. Hilo ndilo linalonitisha hata leo, kwamba nilikuwa karibu kiasi kile kuwa mtu wa kudai msibani.

Gharama? Biashara ile niliacha na mtaji nikakosa. Miaka miwili tuliishi kwa kubangua korosho za watu. Mke wangu hakulalamika hata siku moja.

---

Abiria, Lindi mjini

Yangu ni fupi, na ni ya kupendwa, si ya kupenda.

Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar pale Somanga, nilikuwa kwenye basi. Magari foleni huku na huku, maji yanapita katikati. Mimi ni mwinjilisti. Nilikuwa na Biblia kwenye begi, na chini yake pakiti mbili za biskuti nilizokuwa nakula kwa kujificha, kwa sababu kiti cha mbele kulikuwa na watoto watatu na mama yao.

Siku ya pili asubuhi akaja mama mmoja wa pale, Mwislamu, kajitanda kanga, na binti yake wamebeba sufuria kubwa ya wali na samaki. Hakuuliza nani ni nani. "Kuleni kwanza, maneno baadaye." Nilikula nikiwa siwezi kumtazama usoni.

Tangu hapo Luka 10 naisoma tofauti. Mwanasheria alipoulizwa nani alikuwa jirani, hakutaka hata kulitamka neno Msamaria, akasema tu "ni huyo aliyemwonea huruma". Mimi nimehubiri habari ile nikiwa Msamaria kila mara. Somanga nilikuwa yule aliyelala njiani, na kabla ya hapo nilikuwa yule aliyepita kando.

---

Mwanzisha mada, Masasi

Abiria, barikiwa kwa kusema la biskuti. Bwana mwenyewe alisema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Yule mama wa Somanga alitoa kwa namna hiyo, bila kuchagua kiti cha kwenye basi.

---

Binti wa Mikindani

Naomba niseme jambo ambalo halisemwi kwenye mada za upendo.

Niliolewa na mtu wa kanisani. Alikuwa ananipiga. Nilipokwenda kwa wakubwa wa kanisa nikaambiwa penda kama Kristo, vumilia, utamvuta kwa upole. Nilivumilia miaka sita. Nina meno mawili ya kuweka. Kwa hiyo mkisema "kabla hajastahili", mimi mwili unasisimka, kwa sababu sentensi hiyohiyo ilitumika kunirudisha ndani.

Niliondoka na watoto. Na hadithi yangu ya upendo inaanzia hapo nilipoondoka. Sijawahi kumtukana baba yao mbele yao. Alipougua nilituma hela ya dawa kupitia kwa dada yake. Namwombea, kwa jina, kila usiku. Lakini nyumba moja na yeye, hapana.

---

Mwanzisha mada, Masasi

Dada, nakushukuru, na naomba radhi kwa namna nilivyoiandika mada bila kukufikiria wewe na wengi walio kama wewe.

Nimekaa na jambo lako tangu jana. Luka 4, watu wa Nazareti walimpeleka Yesu mpaka ukingo wa kilima wamtupe chini. Hakujiachia atupwe. Mstari wa 30 unasema alipita katikati yao akaenda zake. Alikuwa anawapenda watu wale, walikuwa wa kwao, na aliondoka. Msalabani alijitoa mwenyewe saa yake ilipofika, hakusukumwa na mume mlevi wala na wakubwa wa kanisa. Aliyekuambia urudi ndani alikusomea nusu ya Injili. Wewe kwa hela ya dawa na maombi ya kila usiku umeshatangulia mbali kuliko mimi, ambaye mdogo wangu hajanipiga hata kofi.

---

Mjukuu wa Misheni, Masasi

Wazee wetu wa upande wa babu walikuwa miongoni mwa watumwa waliokombolewa, waliokuja na Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana kutoka Zanzibar mwaka 1876 wakaanzisha makazi hapa Masasi. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, wakaivamia misheni, wakaua na kuteka. Fikiria mtu amekombolewa mara moja, halafu anatekwa tena.

Bibi alikuwa akisema katika ukoo wetu kuna sheria moja: mgeni haulizwi kabila kabla ya kunawa mikono. Alisema aliyekombolewa hana haki ya kuuliza mwenzake ametoka wapi. Na wajukuu wa wale waliotuvamia nimesoma nao, nimeoa kwao. Ni hilo tu.

---

Mama Ndoo Mbili, Newala

Binti wa Mikindani, mwanangu, umefanya vema. Usimruhusu mtu akubebeshe ndoo ambayo Mungu hakukupa.

Mwanzisha mada, na wewe? Umetuuliza sisi wote.

---

Mwanzisha mada, Masasi

Mama umenishika.

Mimi ni yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu, Luka 15. Baba anatoka nje kumbembeleza, anamwambia "vyote nilivyo navyo ni vyako", halafu habari inakatika. Biblia haisemi kama aliingia ndani kwenye ngoma au alibaki uani. Mimi niko uani huu ni mwaka wa saba.

Jana jioni nimempigia simu mdogo wangu. Akapokea kwa woga, akadhani mama ameanguka. Nikamwambia hapana, mama mzima. Tukanyamaza. Akauliza kama salfa ya kupulizia mikorosho imeshafika chamani, nikasema bado. Nikamwambia Jumamosi nafyeka chini ya mikorosho ya bondeni, ile ya baba, na mke wangu atapika muhogo na mbaazi, aje na panga lake.

Akasema, "Nije saa ngapi, kaka?"